Mahindi Yaliyoona Kiu Nje ya Ratiba

Ipo nchi moja ambayo ningependa kuitaja kwa jina, ila sina ruhusa, maana jina lenyewe liko kwenye kamati tangu mwaka juzi likisubiri kuzinduliwa. Msijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ramani nayo haijazinduliwa.

Katika nchi hiyo hakuna kinachofunguliwa bila mgeni rasmi. Shule, zahanati, kisima, choo cha matundu mawili, hata boksi la chaki, vyote humsubiri mkubwa aje na mkasi. Ninayasema haya bila ubaya wowote. Watu wa huko ni waungwana, wanapenda adabu, na adabu ya kwanza kwao ni kwamba kitu kisianze kufanya kazi kabla mkubwa hajakiruhusu. Ilipata kutokea daraja likakaa miezi kumi na moja na utepe wake, wananchi wakivuka mtoni chini yake na maji ya kifuani, huku wakitazama juu na kulisifia.

Basi mwaka mmoja ikafika zamu ya Kitopeni.

Kitopeni ni bonde la wakulima wa mahindi. Lina bwawa, lina mfereji mkuu, na kati ya bwawa na mfereji lipo lango la chuma linalofunguliwa kwa kuzungusha usukani. Usukani wa zamani ulikuwa na kutu, lakini ulikuwa unazunguka. Serikali ikaleta usukani mpya, wa rangi ya buluu. Kwa kuwa usukani ni mpya, mradi wote ukahesabiwa kuwa mpya, na kwa kuwa mradi ni mpya, ukafungwa utepe.

Ulikuwa utepe mzuri, haki ya Mungu. Rangi za bendera, upana wa vidole viwili, umezungushwa mara tatu kwenye usukani na kufungwa fundo la kipepeo. Nyuma yake bwawa lilikuwa limejaa pomoni. Mbele yake mfereji ulikuwa mkavu, mijusi inakimbizana ndani.

Mtu aliyekabidhiwa utepe huo aliitwa Makungu Shilinde. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kufungua lango, na kanuni zake hazikujaza hata nusu ukurasa. Asubuhi alipita mashambani akitazama majani. Jani likijikunja kabla ya saa nne, alifungua maji. Likijikunja saa nane mchana, aliliacha, maana saa nane hata yeye mwenyewe alijikunja. Hakuna aliyewahi kumlalamikia.

Siku utepe ulipofungwa, Makungu alipandishwa cheo. Kutoka Mfungua Lango Daraja la Tatu akawa Mlinzi Mkuu wa Utepe, akapewa kofia yenye nembo na filimbi. Aliyemvika kofia ni Bwana Mpogole, Afisa Umwagiliaji wa Bonde, mtu mnene wa heshima ambaye kiatu chake hakikuwahi kukanyaga tuta.

"Makungu," alisema Bwana Mpogole, "utepe huu ni wa taifa. Ukikatika kabla ya Mheshimiwa Waziri, nchi imekatika."

"Na maji, mkuu?"

"Maji yapo. Si unayaona?"

Makungu akageuka akalitazama bwawa. Kweli, aliyaona.

*

Shamba la Makungu lilikuwa la kwanza kabisa chini ya lango, ekari moja na nusu. Kila mwaka alipanda kabla ya wenzake, na mwaka huo alikuwa amewatangulia kwa siku kumi na mbili. Alijivunia jambo hilo kuliko alivyojivunia kofia. Mahindi yalipokuwa ya magotini, maji yakakosekana na hakuna aliyeogopa. Hindi la magotini ni gumu, linanuna siku mbili tatu, likipata mvua kidogo linasahau.

Lakini sasa yalikuwa yamempita kimo, na asubuhi moja mkewe Sikudhani, ambaye watu walimwita Mama Tunu, alirudi kutoka shambani uso umemshuka.

"Baba Tunu, mbelewele zimetoka."

"Nimeziona."

"Na majani yamejikunja. Hata saa tatu haijafika."

"Nimeyaona."

Sikudhani akaketi kwenye kigoda mbele yake. "Mahindi yana majuma mawili tu ya kuoana, unanisikia? Mbelewele inadondosha unga kutoka juu, ndevu zinaupokea chini. Ndevu zikichelewa kutoka kwa sababu ya kiu, unga unaanguka ardhini na harusi imekwisha. Hata ukiniletea mto mzima baadaye, utakuwa unamwagilia mabua."

"Najua, Mama Tunu. Miaka kumi na tisa najua."

"Unajua ukiwa na kofia kichwani, au unajua ukiivua?"

Makungu alipangusa nembo ya kofia kwa kiwiko na kushika njia ya ofisini.

Ofisini kwa Bwana Mpogole, ukutani, ndani ya fremu yenye kioo, ilitundikwa Ratiba ya Taifa ya Kiu. Iliandaliwa na wataalamu kumi na wanne katika semina ya siku tisa, kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea ili wawe karibu na maji. Ratiba ilieleza kila zao litaona kiu lini, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, sikukuu zikiwa zimetolewa.

Bwana Mpogole alivaa miwani na kupitisha rula kwenye kioo. "Mahindi, mahindi... haya hapa. Mahindi yataona kiu kuanzia tarehe ishirini na nne mwezi ujao."

"Ya kwangu yameona kiu jana, mkuu."

Bwana Mpogole akavua miwani. "Kwa idhini ya nani?"

"Yamechanua, mkuu. Yakichanua ndipo yanapohitaji maji kuliko siku zote. Hayawezi kuzuia."

"Makungu, sikiliza. Nchi hii ina mahindi mamilioni. Kila hindi likijiamulia lini lichanue, mimi na wewe tutakuwa na kazi gani? Mahindi yako yana kiherehere. Yameipita ratiba." Alitikisa kichwa kwa huzuni ya mzazi. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akafungua droo na kutoa karatasi. "Lakini serikali haijamsahau mwenye shida. Jaza hii. Fomu Namba Saba, Tamko la Kiu ya Dharura. Moja kwa kila shina."

"Mashina yangu hayapungui elfu ishirini, mkuu."

"Basi anza na mmoja awe mwakilishi."

*

Makungu aliijaza fomu ile kwa uaminifu wote. Jina la mwombaji aliandika Hindi. Penye jina la baba alikwama, akaandika Hindi. Penye jinsia palikuwa na visanduku viwili na maelekezo ya kutia alama kimoja tu, na Makungu, aliyejua kwamba shina moja la mahindi ni bwana juu na bibi katikati, alikaa na kalamu mdomoni tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mwishowe Sikudhani akamnyang'anya kalamu na kutia alama penye bibi, akisema kwamba anayeteseka zaidi anajulikana.

Zilitakiwa picha mbili za pasipoti. Makungu aling'oa shina moja na udongo wake, akalipandikiza kwenye ndoo, akalifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira na kwenda nalo mjini kwa mpiga picha. Mpiga picha hakushangaa hata kidogo. Siku hiyo alikuwa ameshapiga mbuzi watatu wa ruzuku na mzinga mmoja wa nyuki. Alitandaza kitambaa cha buluu ukutani, akaliweka shina kwenye kiti, akarudi nyuma hatua tatu.

"Mwambie atazame mbele," alisema.

"Atazame kwa macho gani?"

"Mwambie tu. Wengine huwa wanasikia."

Picha zilitoka vizuri. Zilipelekwa ofisini, zikapelekwa wilayani, zikapelekwa mkoani, na siku ya sita likarudi jibu lenye mhuri mwekundu. Ombi limekataliwa. Picha hazikidhi vigezo, kwa kuwa masikio yote mawili ya mwombaji hayaonekani. Aidha, mwombaji anaelekezwa kuchana nywele.

Mwombaji wakati huo alikuwa amekufa ndani ya ndoo yake, nyuma ya jiko.

*

Uzinduzi ulipangwa kufanyika tarehe tatu. Tarehe tatu ikaahirishwa, kwa sababu Mheshimiwa Profesa Injinia Balozi Lwambuka, Waziri wa Maji, Unyevu na Vimiminika Vingine, alikuwa safarini ng'ambo kupokea nishani ya matumizi bora ya maji. Ikapangwa tarehe nane. Tarehe nane ikaahirishwa kwa sababu vitambaa vya kufunika viti vilikuja vya rangi ya samli badala ya nyeupe, na kamati ya itifaki ikagawanyika.

Msidhani maandalizi yalisimama. Barabara ya kuingia Kitopeni ilikuwa na vumbi jingi, na haikufaa vumbi limpate mgeni rasmi siku yoyote atakayoamua kutokea. Kwa hiyo likaletwa boza la maji. Kila asubuhi na kila jioni boza lilipita taratibu kati ya mashamba, likimwaga maji barabarani lita elfu tano kwa mkupuo mmoja. Kulia mahindi yamejikunja, kushoto mahindi yamejikunja, katikati barabara imelowa inang'aa. Baada ya siku tatu barabara iliota majani.

Sikudhani alisimama katikati ya njia na ndoo mbili. Boza likasimama, dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mama, tupishe, tafadhali."

"Nijazie hizi ndoo, mwanangu. Mbili tu."

"Siwezi, mama yangu. Haya ni maji ya vumbi. Yameandikwa."

"Basi na mimi ni vumbi. Nimwagie."

Dereva alicheka, kisha akaona kwamba Sikudhani hacheki, akaona aibu. Alimtazama Makungu, aliyekuwa amesimama kando ya lango na filimbi yake shingoni, umbali wa kurusha jiwe. Makungu akatazama viatu vyake. Dereva akapandisha kioo, akamzunguka Sikudhani polepole sana ili asimrushie tope, akaendelea kumwagilia barabara.

Sikudhani alipita mbele ya mumewe na ndoo tupu. Hakusema neno. Katika ndoa yao ya miaka ishirini na mbili, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukosa la kusema, na Makungu aliogopa kuliko ambavyo angeogopa matusi.

Aliingia shambani kwake. Kulikuwa kimya, hakuna upepo. Alipogusa shina la kwanza, unga wa njano ulidondoka kutoka kwenye mbelewele ukamwangukia kofiani na mabegani. Akainama kutazama ndevu. Hazikuwapo. Akaenda shina la pili, la tatu, la kumi. Juu unga ulikuwa unamwagika, chini hakuna wa kuupokea. Mashina machache yalikuwa yametoa vijidevu vitano sita, vikavu, vya rangi ya majani ya chai. Harusi ilikuwa inaisha na bibi harusi hajatoka chumbani.

Na kule nyuma, juu ya ukuta wa bwawa, maji yalikuwa yanapigapiga ukingo taratibu, chopo, chopo, yakiwa mengi kuliko mwaka wowote.

Makungu alilia. Nasema alilia, na msije mkasema ni vumbi lilimwingia machoni, maana vumbi lilikuwa limeshatulizwa.

*

Alipomaliza kulia alivua kofia, akaitundika kwenye bua, akaenda kuchukua kitabu.

Kitabu hicho kiliitwa Mwongozo wa Uzinduzi, toleo la nne, kurasa mia tatu na kumi, kimeandikwa na Mheshimiwa Lwambuka mwenyewe. Kila mtumishi alipewa nakala na hakuna aliyewahi kukifungua, kwa kuwa nacho kilikuwa na utepe. Makungu aliukata ule utepe mdogo kwa meno. Akasoma tangu asubuhi hadi alasiri, akifuata mistari kwa kidole, na kwenye ukurasa wa mia na kumi na mbili kidole kikasimama.

"Mama Tunu!" aliita. "Njoo usikie hapa. 'Mgeni rasmi ni mtu yeyote aliyealikwa kwa barua, akaketi kiti chenye kitambaa, akawekewa chupa ya maji, akasomewa risala, akatoa hotuba isiyopungua dakika arobaini, na akachelewa kufika kwa saa zisizopungua tatu.' Mtu yeyote. Hawajasema waziri."

Sikudhani alisimama mlangoni akifikiri. Kisha wote wawili, kwa pamoja, wakageuza macho uani, ambako mama yake Sikudhani, Bibi Nyamizi, aliyekuja wiki ile kumwona bintiye, alikuwa anapepeta karanga.

"Mama hatakubali," alisema Makungu.

"Kuzungumza dakika arobaini na watu wanamsikiliza? Baba Tunu, humjui mama yangu."

Kwa watu wa Kitopeni, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Kwa hiyo barua ya mwaliko iliandikwa na Makungu, ikabebwa na Sikudhani hatua saba kuvuka ua, na majibu yakarudi kwa njia ile ile. Bibi Nyamizi alikubali kwa sharti kwamba chupa ya maji iwe na soda.

Siku ya pili yake wakulima wote wa bonde walikusanyika langoni. Kiti kilifunikwa kanga. Mkasi uliwekwa kwenye sinia. Bibi Nyamizi alikuwa tayari tangu saa tatu asubuhi, amevaa, amejipaka mafuta, lakini alipoinuka kwenda, Makungu akamwambia mkewe amwambie kwamba bado, ni lazima achelewe.

"Nichelewe nini, na mimi nimeshafika?" Bibi Nyamizi alifoka.

"Sheria, mama," alisema Sikudhani. "Saa tatu kamili."

Akapelekwa kwa jirani akakaa huko akitafuna karanga na kuuliza saa kila baada ya dakika tano. Langoni wakulima walisimama juani wakiyatazama mashamba yao. Mahindi yao, ambayo yalipandwa baada ya ya Makungu, ndiyo kwanza yalikuwa yanachomoza mbelewele, na majani yalikuwa yanajikunja mbele ya macho yao. Hakuna aliyeleta fujo. Walikuwa wamezoea kumngoja mgeni rasmi, tofauti ni kwamba safari hii walimjua na walimsikia akikohoa nyuma ya boma.

Saa sita kamili Bibi Nyamizi aliingia kwa vigelegele. Makungu akasoma risala, uso ameuelekeza kwenye lango kwa heshima.

"Mheshimiwa Mama Mkwe, sisi wakulima wa Kitopeni tuna furaha isiyo na kifani. Mafanikio yetu ni kwamba bwawa limejaa. Changamoto yetu ni kwamba limefungwa."

Bibi Nyamizi alisimama kujibu. "Mimi nimekuja kumwona mwanangu," alisema. "Fungueni maji." Akataka kuketi.

"Bado dakika thelathini na tisa, mama!" Sikudhani alimnong'oneza.

Hapo mgeni rasmi akajazia muda kwa jambo alilokuwa nalo moyoni. Alieleza jinsi Makungu alivyokuja kuposa na viatu vya kuazima, kimoja kikubwa kimoja kidogo. Alieleza alivyokaribishwa ugali akamaliza na wa wenyeji. Alieleza kwamba tangu avikwe ile kofia amekuwa mtu wa kulinda kitambaa huku mkewe akikauka, na kwamba yeye kama mzazi alikuwa ametafuta miaka mingi siku ya kuyasema hayo hadharani na anaishukuru serikali kwa kumpa nafasi. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Makungu aliyapokea yote akilitazama lango, kwa kuwa hakuruhusiwa kugeuka, na kwa kuwa yote yalikuwa ya kweli.

Kisha Bibi Nyamizi akachukua mkasi, akakata. Makungu akashika usukani wa buluu kwa mikono miwili, akauzungusha, na maji yakaingia mferejini yakiwasukuma mijusi mbele.

*

Mahindi ya jirani zake yalikunywa siku nne mfululizo. Ndevu zikatoka laini, za rangi ya waridi, unga ukazikuta. Kwenye shamba la Makungu maji yalifika kwanza kuliko kote na kwa wingi kuliko kote, na mabua yakawa ya kijani, yakanenepa, yakapendeza kabisa. Ndevu chache zaidi zikajitokeza. Lakini mbelewele zilikuwa zimeshamaliza unga wake.

Sikudhani alipita kwenye mistari akibonyeza maganda kwa vidole, shina baada ya shina.

"Tumechelewa kwa siku ngapi?" aliuliza.

"Nane," alisema Makungu. "Labda tisa."

"Siku nane," alirudia Sikudhani, na safari hii hakumlaumu. Alimshika mkono, wakarudi nyumbani.

Bwana Mpogole alipoona maji kwenye matuta alipiga kelele ya mtu aliyeibiwa. Makungu akamkabidhi barua ya mwaliko, nakala ya risala, orodha ya mahudhurio yenye saini na picha ya Bibi Nyamizi na mkasi. Bwana Mpogole alifungua Mwongozo ukurasa wa mia na kumi na mbili, akasoma, akatokwa jasho, akasoma tena. Kumwadhibu Makungu kungekuwa ni kusema Mheshimiwa ameandika vibaya. Kwa hiyo akamwandikia barua mbili, moja ya onyo kali na moja ya pongezi, akazitia bahasha moja. Tukio zima likaitwa majaribio ya awali. Lango likafungwa ili lipate kufunguliwa, na utepe mwingine ukaletwa kutoka Makao Makuu, mpana zaidi.

Mheshimiwa alifika baada ya majuma saba. Mahindi yalikuwa yamekomaa, yamekauka, yanangoja kuvunwa, lakini lilikuwa limetoka agizo kwamba hakuna kuvuna, mahindi yote yasimame wima mpaka mgeni rasmi aondoke. Mheshimiwa alichelewa saa nne, moja zaidi ya sheria, kuonyesha ukubwa. Alihutubia kwa saa mbili. Alisema maji ni uhai, alisema uhai ni maji, alisema serikali yake haitavumilia mmea wowote kuona kiu bila utaratibu. Kisha alikata utepe, na mto mzima ukaingia kwenye mashamba ya mahindi makavu ambayo kitu pekee yalichokuwa hayakitaki duniani ni maji. Bendi ikapiga.

Ikabaki mavuno ya mfano. Ni desturi ya nchi ile kwamba mgeni rasmi akishafungua mfereji huvunja hindi moja kutoka shamba la karibu na lango, analimenya mbele ya kamera, analiinua juu. Bwana Mpogole alikuwa ameficha hindi zuri kapuni kwa kazi hiyo, lakini Mheshimiwa alikuwa ameshachangamka na makofi. Aliruka mfereji, akaingia kwenye shamba la Makungu na viatu vyake vyeusi, akachagua bua nene kuliko yote, akavunja. Alimenya huku anazitazama kamera, akaliinua juu, akatabasamu. Alishangaa makofi hayaji. Akalishusha, akalitazama.

Lilikuwa na punje kumi na moja. Zilikaa mbalimbali kwenye gunzi jeupe, kila moja na mtaa wake.

"Shamba la nani hili?" Mheshimiwa aliuliza, na kipaza sauti kilichokuwa kifuani pake kiliyapeleka maneno bonde zima.

"La kwangu, Mheshimiwa," alisema Makungu.

"Umetumia mbegu gani?"

"Mbegu ya bonde zima, Mheshimiwa. Tulichukua gunia moja, tukagawana."

Mheshimiwa akanyoosha kidole kwenye mashamba ya chini, ambako mahindi yalikuwa yamening'inia kwa uzito, yamejaa hadi ncha. "Na yale kule?"

"Mbegu hiyo hiyo. Udongo huu huu. Na maji yalitoka kwenye lango hili hili."

"Sasa mbona yale yako vile na haya yako hivi?"

Bwana Mpogole alikohoa kwa nguvu. Makungu alimsikia, akamtazama mkewe aliyekuwa amesimama mwisho wa mstari, matope yanampanda miguuni, kisha akamjibu Mheshimiwa kwa adabu, taratibu, ili asikosee hata neno.

"Yale hayakukungoja, Mheshimiwa. Haya ndiyo yaliyokungoja."

Bendi ilikuwa imenyamaza. Mheshimiwa aligeuza lile gunzi mkononi, akatafuta pa kuliweka. Meza ilikuwa ng'ambo ya mfereji, na kati ya wasaidizi wake kumi na wawili hakuna aliyenyoosha mkono kulipokea.